Anayeamrisha Kazi Ndiye Mdhamini Wake: Barua ya Wazi kwa Wenye Viwanda na Maghala ya Mombasa

Kwa Waheshimiwa Wakurugenzi na Mameneja wa viwanda, maghala na makampuni ya Mombasa, tangu Shimanzi na Kilindini hata Changamwe na Miritini.

Waheshimiwa,

Nataka ruhusa yenu niseme jambo ambalo hunong'onwa sana vibarazani na langoni mwa viwanda, lakini ambalo ni nadra kufikishwa juu, katika vyumba mnamoketi kutia sahihi mikataba. Jambo lenyewe ni hali ya wale watu wanaofanya kazi ndani ya kuta zenu, kwa mashine zenu, kwa saa mnazozipanga ninyi na kwa amri ya wasimamizi wenu, walakini mkiulizwa habari zao hujibu, na madaftari yenu yakashuhudia, kwamba hao si watu wenu, ni watu wa wakala wa ajira.

Alfajiri, zamu ya usiku inapotoka na zamu ya mchana inapoingia, safu mbili hupita katika lango moja. Safu ya kwanza ni ya wenye beji ya kampuni, ambao majina yao yamo katika daftari la mishahara, wana likizo, wana zahanati, na wana chama cha kuwasemea; safu ya pili ni ya wale ambao jina lao limo katika karatasi aliyoishika mtu wa wakala, na karatasi hiyo kesho yaweza kuandikwa upya bila ya jina lao na bila ya sababu. Wakishapita lango, safu hizo huchanganyika. Utawakuta mbele ya mkanda mmoja wa mashine, wakishona magunia ya namna moja, wakipakia kontena moja na kuvuta vumbi moja, hata mgeni aliyekuja kutembelea kiwanda asiweze kuwapambanua; lakini siku ya malipo, siku ya maradhi na siku ya ajali, hitilafu baina yao hudhihirika kwa kila mwenye macho.

Sitaki nifahamike kwamba naishutumu kazi ya muda kwa kuwa ni ya muda. Bandari ni bandari: meli huja kwa pamoja na pengine hukawia, chai hushuka kutoka bara kwa wingi msimu mmoja na kwa uchache msimu mwingine, na ghala lililohitaji watu mia wiki hii laweza kuhitaji thelathini wiki ijayo. Mwenye biashara anayemwita wakala ili apate mikono ya ziada wakati wa haja hakutenda kosa, na mahakama zetu za kazi zimekiri kwamba kumkabidhi mwingine sehemu ya kazi ni uhuru wa mwenye biashara, maadamu uhuru huo haugeuzwi kuwa hila ya kukimbia wajibu au ya kuvunja nguvu ya chama cha wafanyakazi. Ninalolipinga ni wazo lililozoeleka hata likaonekana ni kanuni, kwamba mtu akishaandikwa na wakala, dhamana yake yote huhama pamoja na jina lake, na mwenye mahali pa kazi hubaki na faida ya jasho lake peke yake.

Mji huu, kuliko miji mingi ya Afrika Mashariki, hauna udhuru wa kutojua wazo hilo lilikotupeleka zamani. Katika zama za ukoloni kazi ya gati la Kilindini ilifanywa kwa sehemu kubwa na watu wa kutwa, ambao maserangi, yaani wasimamizi wa vibarua, waliwakusanya kwa magenge, wakalipwa siku waliyoitwa na kusahauliwa siku wasiyoitwa, na makampuni ya kupakia na kupakua yakaona raha kwamba jua likishakuchwa hayakuwa na deni kwa mtu. Raha hiyo ilikatika Januari 1947, watu wapatao 15,000 walipoweka kazi chini kwa muda wa siku 12, wala hawakuwa wa gati peke yao, walikuwamo wa reli, wa mahoteli na watumishi wa majumbani, mji mzima ukasimama. Machi 1955 gati likasimama tena, hata Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akaingia kusuluhisha na nyongeza ya takriban thuluthi ya ujira ikapatikana. Nayataja haya kwa sababu mwenye kuzisoma habari za siku hizo huona kwamba lililowauma watu halikuwa uchache wa ujira tu; iliwauma pia kwamba mtu aliweza kufanya kazi mahali pamoja miaka mingi, na mahali hapo pasimjue. Leo serangi ameondoka, na mahali pake amekaa wakala mwenye ofisi, muhuri na cheti cha kodi. Lakini yule kijana anayesimama langoni kungoja jina lake lisomwe angemtambua babu yake kama wangekutana.

Nitaanza na usalama, kwa kuwa ndio uliobeba roho za watu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, katika kifungu cha 6, humtaka mwenye kushika mahali pa kazi ahakikishe usalama, afya na hali njema ya watu wote wanaofanya kazi mahali pake. Haikumbagua aliyeandikwa na kampuni na aliyeletwa na mwingine, na insafu ya jambo hili ni dhahiri: hatari hutoka katika mashine, katika umeme, katika shehena iliyopangwa juu mno, na vitu hivyo vyote vina mwenyewe. Wakala hana ufunguo wa chumba cha umeme, hawezi kuamuru mkanda usimamishwe, hana uwezo wa kuongeza madirisha ya ghala wala wa kuizuia foklifti isipite mahali wapitapo watu kwa miguu. Uwezo huo wote umo mikononi mwenu, na haiyumkiniki mtu akashika uwezo peke yake kisha akataka lawama igawanywe. Mgeni akiletwa nyumbani kwako na jirani yako, akaangukiwa na dari uliyoijua kuwa imeoza, hakuna mahali Pwani hii ambapo utasikilizwa ukisema kwamba aulizwe jirani, kwani ndiye aliyemleta.

Na huyo aliyeletwa ndiye aliye karibu zaidi na madhara. Mwenyeji wa kiwanda anajua ni kigae gani cha sakafu huteleza kikilowa, anajua mashine ipi hukawia kusimama baada ya kuzimwa, anajua mlio wa hatari na mlio wa kawaida. Wa wakala aliingia jana, na kesho huenda akahamishwa sehemu nyingine ambayo pia haijui. Juu ya ugeni wake ana hofu: anajua kwamba akiuliza sana ataonekana mzito, na akikataa kazi kwa kuwa haina kinga, kuna wengine kumi wamesimama nje ya lango. Ndipo apewapo glavu zilizokwisha kutoboka, au aambiwe kwamba buti hukatwa katika ujira wake, au asipewe chochote ila onyo kwamba ajihadhari. Mafunzo ya usalama, ambayo mfanyakazi wa kudumu hupewa siku nzima, yeye huyapata kwa maneno mawili ya msimamizi anayepita, na mabango ya tahadhari yaliyo ukutani yameandikwa kwa lugha ambayo yeye huisoma kwa taabu. Nasema bila ya kusita kwamba mtu asiyeoneshwa jinsi ya kuizima mashine hajawa tayari kuwekwa mbele yake, na aliyemweka hapo kwa haraka ya shehena amechukua dhamana ya vidole vyake, vyovyote mkataba utakavyosema.

Ajali inapotokea, hapo ndipo mgawanyo wa majina unapogeuka dhuluma. Sheria hutaka ofisa wa usalama wa eneo apashwe habari, na ikiwa mtu amefariki apashwe katika saa 24, na maandishi yafuate katika siku saba. Tena Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo wa 2007, humlazimu mwajiri awe na bima ya watu wake. Lakini ni nani aandike taarifa hiyo? Kampuni husema ni wajibu wa wakala, kwa kuwa majeruhi ni mtu wake; wakala husema hakuwapo, hajui mashine ilikuwaje, na aliyekuwapo ni msimamizi wa kampuni; na wakati barua zikienda na kurudi, majeruhi yuko nyumbani Bangladesh ya Mikindani au Owino Uhuru, amefungwa kitambaa, na jina lake limekwisha kuondolewa katika karatasi ya langoni kwa sababu mtu mwenye mkono mmoja hapakii magunia. Hili halihitaji sheria mpya. Lahitaji mwenye kiwanda aseme, kabla genge halijaingia, nioneshe hati ya bima iliyo hai yenye kuwahusu watu hawa. Na ajali ikitukia, aandike yeye kwanza kwa kuwa ndiye aliyeona, kisha mahesabu baina yake na wakala yafuate nyuma. Majeruhi asiwe ndiye tarishi wa kuwasuluhisha matajiri wawili.

Sasa naingia katika jambo ambalo naliona kuwa ndilo shina la mengine, nalo ni bei. Mnapokaa na wakala kupatana, mnapatana kwa kichwa: kila mtu kwa siku kiasi fulani. Katika kiasi hicho imo mishahara, na ndani ya mishahara sheria imekwisha kuweka sakafu yake, kwa kuwa Mombasa imepangwa katika daraja la juu la kima cha chini pamoja na Nairobi na Kisumu, na juu ya kima hicho ipo posho ya nyumba ya asilimia 15. Imo siku ya mapumziko. Umo mgawo wa likizo ya mwaka, ambayo si pungufu ya siku 21. Yamo malipo ya saa za ziada. Umo mchango wa mwajiri katika mfuko wa uzeeni wa NSSF na tozo ya nyumba. Yamo malipo ya bima ya majeraha. Na baada ya hayo yote sharti wakala naye apate kitu cha kuendeshea ofisi yake na cha faida, kwani hakuanzisha shughuli yake kwa sadaka. Chukueni kalamu mjumlishe. Ikiwa jumla ya vitu ambavyo sheria imekwisha kuviamuru, bila hata senti ya wakala, inapita bei mliyopatana, basi sheria haikuvunjwa mwisho wa mwezi na wakala mwenye tamaa. Ilivunjwa siku ile ya kutia sahihi, mezani penu, chai ikinywewa. Wakala aliyekubali bei hiyo anajua atakakoipata faida yake, na ninyi mliomchagua kwa kuwa alikuwa rahisi kuliko wenzake mnajua pia, maana hakuna mtu mwenye akili ya biashara kama zenu asiyejua kwamba kitu kikiuzwa chini ya gharama yake kuna mtu mwingine anayeilipa tofauti.

Na mtu huyo hulipa kwa njia nyingi. Hulipa kwa saa za ziada zisizoandikwa, kwa makato ya NSSF yanayooneshwa katika karatasi ya mshahara lakini hayafiki katika mfuko, na kwa ile "chai" anayodaiwa na mwandika majina ili jina lake lisisahauliwe. Mkataba nambari 181 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa 1997 kwa ajili ya mawakala binafsi wa ajira, umeweka msingi kwamba mfanyakazi asitozwe ada ya kutafutiwa kazi, na umetaka kila nchi ieleze waziwazi lipi ni la wakala na lipi ni la kampuni inayomtumia mfanyakazi, katika ujira, saa, usalama, fidia na uzazi. Msingi huo ni wa hekima hata mahali ambapo mkataba wenyewe haujaridhiwa, na kampuni yoyote yaweza kuuandika katika makubaliano yake bila kungoja Bunge.

Liko jambo la muda, nalo nitalieleza kwa kituo kwa sababu hila zake ni nyingi. Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 37, imesema kwamba kibarua wa kutwa aliyefanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake si pungufu ya mwezi, au aliyepewa kazi ambayo kwa akili ya kawaida haiwezi kumalizika katika muda usiopungua miezi mitatu kwa jumla, mkataba wake hugeuka ukawa wa kulipwa kwa mwezi. Na aliyeendelea miezi miwili au zaidi huwa na haki kana kwamba tangu mwanzo hakuandikwa kuwa kibarua. Muradi wa sheria hiyo ni wazi kwa mtoto: kazi ikiwa ya kudumu, na mtu wake awe wa kudumu. Lakini aghalabu tunaona watu wakiondolewa siku chache kabla ya muda kutimia, wakakaa nyumbani, kisha wakaitwa tena kwa karatasi mpya. Au wakala mmoja akabadilishwa kwa mwingine, na watu wale wale, mbele ya mashine zile zile, wakaamka asubuhi wakiwa ni wageni katika kiwanda walichokijua kuliko meneja wake. Mtu wa namna hiyo aweza kutimiza miaka mingi ya kazi bila ya kutimiza mwaka mmoja wa utumishi. Hawezi kukopa katika chama cha akiba, hawezi kumwahidi mwenye nyumba kodi ya miezi mitatu, hawezi kumwoza binti yake kwa tarehe. Naziomba nafsi zenu zijibu: kazi ambayo kila siku ya mwaka ina mtu wa kuifanya, na ambayo kiwanda hakiwezi kufunguliwa bila yake, ina haki gani ya kuitwa ya muda?

Wengine wamekwisha kupita katika njia hii na wametuachia alama. Afrika Kusini, kwa sheria iliyorekebishwa na kuanza kutumika 2015, mfanyakazi wa wakala ambaye kipato chake hakizidi kiwango kilichowekwa, akipitisha miezi mitatu katika kampuni inayomtumia, huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa kampuni hiyo. Na palipotokea ubishi kama waajiri ni wawili au mmoja, Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliamua Julai 2018 kwamba ni mmoja, yaani yule anayemtumia. Uingereza, kwa kanuni zilizoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2011, ambazo ndugu zetu wengi waliohamia huko na kufanya kazi za maghala na za kutunza wazee wanazijua, mfanyakazi wa wakala ana haki tangu siku ya kwanza ya kutumia kantini, usafiri na malezi ya watoto yaliyowekwa na kampuni, na ya kuarifiwa nafasi za kazi zinapotokea. Na baada ya wiki 12 katika kazi ile ile, ujira wake wa msingi na saa zake visiwe duni kuliko vya mtu aliyeandikwa na kampuni yenyewe. Wajibu wa siku ya kwanza haukuwekwa juu ya wakala. Uliwekwa juu ya mwenye mahali, kwa sababu kantini ni yake.

Hapa kwetu, nisemapo habari ya kantini, huenda mkaona ni jambo dogo. Si dogo. Mtu anayekatazwa kuketi katika meza ambayo mwenzake wa zamu moja ameketi, akala chakula chake juu ya mbao nje ya ukuta, anayepimwa mlangoni mara mbili kama mwivi ilhali mwenzake hupita, anayeumwa na kichwa akaambiwa zahanati si ya watu wa wakala, huyo amekwisha kufundishwa thamani yake na kiwanda hicho, na hamna haki ya kustaajabu akikosa kuipenda kazi. Gharama ya kufungua mlango wa kantini na wa zahanati ni ndogo mno ukiilinganisha na idhilali inayoletwa na kuufunga.

Wanawake wana sehemu yao ya peke yao katika taabu hii, na aibu hainizuii kuitaja. Katika viwanda vya nguo na katika maghala ya kupakia, wengi wa walioletwa na wakala ni wanawake, na wengi wa wanaochagua nani aitwe kesho ni wanaume. Palipo na uwezo wa kumwita mtu au kutomwita bila ya kuulizwa sababu, hapo maombi machafu hupata mlango. Sheria ya Ajira humtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi atoe tamko la maandishi la kukataza udhia wa namna hiyo na kueleza njia ya kushtaki. Lakini yule mwanamke ashtaki kwa nani? Msimamizi aliyemuudhi ni wa kampuni, na ofisi ya utumishi humwambia aende kwa wakala. Wakala humwambia kwamba hana amri juu ya msimamizi wa kampuni, na moyoni anahofia kupoteza mkataba kwa kumkera mteja wake. Mlalamikaji husukumwa huku na huku mpaka anyamaze, au mpaka zamu yake ikome. Kadhalika akishika mimba, hakuna anayemfukuza. Ni kwamba haitwi tena, na likizo ya uzazi ya miezi mitatu ambayo sheria imempa mwanamke wa Kenya hubaki katika vitabu. Mwenye kiwanda ambaye tamko lake halimhusu kila mwanamke aliye ndani ya uzio wake hana tamko.

Huenda mawakili wenu wakawaambia kwamba mkataba mliouandika ni madhubuti, na kwamba hakuna hakimu atakayewafikia nyuma ya wakala. Waambieni waangalie shauri la wale vijana waliokuwa Nairobi wakichuja maneno na picha za kutisha za Facebook, wakiwa wameandikwa na kampuni nyingine iliyopewa kazi hiyo. Kampuni ya Meta, mwenye Facebook, ilidai kwamba haiwezi kushtakiwa Kenya, kwa kuwa haina makao hapa wala haikuwaajiri watu hao. Mahakama ya kazi ilikataa hoja hiyo 2023, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani nayo ikaikataa, ikaruhusu madai yaendelee kusikilizwa. Maamuzi hayo hayakusema nani ana hatia, na sisi tusiyatilie maneno yasiyokuwamo. Walakini yamesema la kutosha kwa mtu mwenye busara, kwamba umbali wa bahari nzima na kampuni nyingine katikati havikutosha kumweka mwenye kazi nje ya mlango wa mahakama. Je, ukuta mwembamba ulioko baina ya ofisi ya meneja na meza ya mwakilishi wa wakala, katika jengo moja la Changamwe, utatosha? Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 41, imempa kila mtu haki ya kutendewa kwa uadilifu katika kazi, wala haikuuliza kwanza nani aliyeliandika jina lake.

Juu ya mawakala wenyewe nitapita upesi. Miongoni mwao wapo waadilifu, wanaolipa kwa tarehe na kupeleka michango, na hao ndio wanaoumizwa kuliko wote na desturi ya kutafuta bei ya chini, kwa kuwa hushindwa katika kila zabuni na wale wasiolipa. Mkibadili namna ya kuchagua, mtawaokoa hao pia.

Mtasema haya yana gharama, nami nakiri. Lakini gharama hiyo ipo leo, inalipwa. Inalipwa na mama wa Mikindani anayemuuguza mwanawe bila ya fidia, na hospitali ya serikali, na mfuko wa uzeeni ambao kesho hautakuwa na chochote cha kumpa mtu aliyefanya kazi miaka thelathini. Ninachowaombeni ni kwamba kila mtu abebe mzigo ulio wake.

Mikataba yenu na mawakala ina tarehe ya kwisha, na mingi huandikwa upya kila mwaka. Tarehe hiyo itakapofika, kabla ya kutia sahihi, nawasihi mfanye mambo ambayo hayahitaji idhini ya mtu mwingine yeyote: mjumlishe bei kwa uwazi na mkatae iliyo chini ya jumla iliyoamriwa na sheria, mtake kila mwezi ushahidi kwamba mishahara imelipwa na michango imefika, kabla hamjamlipa wakala fedha yake, mwandike kwamba mafunzo, kinga na taarifa za ajali ni zenu, mfungue kantini, zahanati na kitabu cha malalamiko kwa kila aliye ndani, na mkae na chama cha wafanyakazi pamoja na wawakilishi wa hao wa wakala, muwatazame majina mmoja mmoja, ili kila ambaye kazi yake imethibiti kuwa ya kudumu apewe barua ya kuajiriwa yenye muhuri wa kampuni yenu. Ofisi ya Kazi iko hapa hapa Mombasa, ofisa wa usalama yuko, na vyama viko. Hakuna atakayekataa mwaliko wenu. Waiteni mwaka huu.

Wasalaam,

Mimi niliye mwananchi mwenzenu,
Mombasa